Okidi Inayotambuliwa kwa Macho ya Nondo

Mwaka 1986 jarida la mimea la Rhodora lilitoa makala ya wataalamu wawili wa okidi wa Marekani, Charles Sheviak na Marlin Bowles. Kabla ya makala hiyo, okidi nyeupe yenye matamvua iliyoota katika nyanda za nyasi za katikati ya Marekani ilihesabiwa kuwa aina moja, Platanthera leucophaea. Baada yake zikawa mbili: ile ya mashariki ikabaki na jina la zamani, ile ya magharibi ikapewa jina jipya, Platanthera praeclara. Hakuna aliyekuwa amegundua bonde jipya wala mmea ambao haujawahi kuonekana. Wakulima walikuwa wakiufyeka pamoja na nyasi za mifugo kwa vizazi kadhaa. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa mbele ya ua. Wataalamu hao hawakuishia kwenye sura yake. Waliuliza nani analichavusha, na anapolichavusha chavua inamganda wapi mwilini.

Ulinzi wa okidi hii, kwa jinsi ninavyouona, hufaulu pale unapolifuata swali hilo na hukwama pale unapolisahau. Ndiyo maana nitaanza na utambuzi, ambao watu wengi huuchukulia kama kazi ya kubandika majina tu.

Okidi-matamvua ya magharibi huchomoza ardhini mwezi Mei na kuchanua kuanzia katikati ya Juni hadi Julai. Shina lake ni moja, urefu wa sentimita 40 hadi 85 kwa kawaida, na mara chache hupita mita moja. Majani yake marefu na membamba yanalikumbatia shina kwa kupishana, na juu yake linasimama shada la maua ambayo huweza kufika 24, yenye weupe wa krimu. Petali ya chini ya kila ua imegawanyika sehemu tatu, na kila sehemu ina umbo la upepeo uliochanwachanwa ukingoni hadi ukawa matamvua. Nyuma yake unaning'inia mrija mwembamba wa mbochi, sentimita nne hadi tano hivi, miongoni mwa mirefu kabisa kwa okidi za Amerika Kaskazini. Mchana unaweza kupita karibu na ua hili bila kunusa lolote la maana. Jua likishazama, manukato yake ni mazito.

Anayekutana na ua jeupe la namna hii katika nyasi ana mambo machache ya kuangalia. Ikiwa rangi inaelekea kijani au manjano na matamvua yamechanika ovyo, huenda ni jamaa yao mwingine, Platanthera lacera, asiye adimu kiasi hicho. Akiwa na uhakika kwamba ua ni jeupe, atazame ukubwa. Maua ya aina ya mashariki ni madogo zaidi, mengi zaidi katika shada moja, na petali zake za pembeni ni nyembamba. Mto Mississippi husaidia kidogo, maana kwa sehemu kubwa moja hukaa mashariki yake na nyingine magharibi, lakini si ukuta: huko Iowa na Missouri aina ya mashariki iliwahi kuota upande wa magharibi wa mto. Ramani pekee haitoshi kumpa mtu jibu.

Jibu liko katikati ya ua, kwenye kile kinguzo kinachobeba viungo vya uzazi. Okidi hazimwagi chavua kama unga. Huifunga katika vifurushi viwili, na kila kifurushi kina kikonyo kinachoishia kwenye kisahani kidogo chenye gundi. Katika aina ya mashariki visahani hivyo vimekaribiana sana. Katika ile ya magharibi vimeachana, kimoja huku na kingine kule, na mlango wa mrija wa mbochi uko katikati. Tofauti ni ya milimita chache tu, na anayeijua huiona kwa picha moja nzuri iliyopigwa kutoka mbele, rula ikiwa kando. Hakuna haja ya kulichuma ua. Kulichuma ni kuondoa mbegu za mwaka mzima za mmea ambao huenda usichanue tena mwaka unaofuata.

Milimita hizo zina maana kwa sababu ya nondo. Wachavushaji wa okidi hizi mbili ni nondo wakubwa wa jamii ya Sphingidae, wale wanaoelea hewani mbele ya ua wakipiga mabawa kwa kasi huku wakishusha ulimi mrefu ndani ya mrija. Nondo anapofikia mbochi wa okidi ya mashariki, visahani vilivyokaribiana humnata kwenye ulimi. Kwa okidi ya magharibi lazima asukume kichwa mpaka ndani, na hapo visahani vilivyoachana humnata kwenye macho. Anaondoka na vifurushi vya chavua vimesimama juu ya macho yake, navyo vitagusa mahali panapotakiwa kwenye ua lijalo. Nondo mwenye kichwa chembamba hupita kati ya visahani bila kugusa chochote, akanywa akaenda zake. Mwenye ulimi mrefu kupita kiasi hahitaji kusukuma kichwa, naye hunywa bure. Kwa hiyo okidi ya magharibi haihitaji nondo yeyote tu. Inahitaji nondo mwenye ulimi wa urefu fulani na macho yaliyotengana kwa upana fulani, na nondo wa namna hiyo katika nyanda zile ni aina chache, wakiwemo Sphinx drupiferarum, Eumorpha achemon na Hyles gallii.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halipaswi kuwa geni. Charles Darwin aliandika mwaka 1862 kwamba okidi ya Madagaska yenye mrija wa urefu wa ajabu, Angraecum sesquipedale, lazima iwe na nondo mwenye ulimi unaolingana nao, na mwaka 1903 nondo huyo akapewa jina rasmi. Ndugu yake wa karibu, Xanthopan morganii, anaruka usiku katika misitu ya bara hili. Na kama mtu anadhani habari za nondo hawa ni za mabingwa wa maua adimu tu, aangalie mpapai. Utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mipapai ya wakulima wa Kenya huchavushwa na nondo hawahawa, na kwamba ukaribu wa shamba na uoto wa asili una athari kwa huduma hiyo. Mpapai jike usiotembelewa na nondo hauzai vizuri, hata ukimwagiliwa na kuwekewa samadi.

Narudi nyanda za Marekani. Aina moja ilipogawanywa mbili, kila moja ilionekana kuwa adimu kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu mimea iliyokuwa ikihesabiwa pamoja sasa ilihesabiwa katika mafungu mawili yasiyoweza kusaidiana. Miaka mitatu baada ya makala ya Sheviak na Bowles, Septemba 1989, zote mbili ziliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini chini ya Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ya Marekani, katika daraja la wanaotishiwa. Utambuzi ulitangulia, sheria ikafuata. Bila ule uchunguzi wa visahani vya gundi, aina ya magharibi ingeweza kuisha huku vitabu vikisema bado ipo kwa wingi wa kutosha ng'ambo ya pili ya mto.

Lakini sheria hiyo ina pengo ambalo watu wa nje hawalijui. Mnyama aliyeorodheshwa hulindwa hata akiwa katika ardhi ya mtu binafsi. Mmea haulindwi hivyo. Mwenye shamba anaweza kulima okidi zake zilizoorodheshwa, na sheria hii ya taifa haimgusi, isipokuwa mradi wake unahusisha kibali au fedha za serikali kuu, au anavunja sheria ya jimbo lake. Naliona kuwa kosa kubwa, maana katika majimbo ya kusini mwa eneo la okidi hii mabaki yake mengi yako katika mashamba ya watu.

Na mabaki ndiyo neno lenyewe. Prairi ya nyasi ndefu, ile iliyofunika eneo kutoka Manitoba nchini Kanada hadi Texas, imebaki chini ya asilimia 4 ya ilivyokuwa. Iowa, jimbo ambalo karibu lote lilikuwa nyasi, limebakiza chini ya asilimia 0.1. Kilichoiangamiza si ukame wala moto. Udongo wake mweusi uliorutubishwa na mizizi ya nyasi kwa maelfu ya miaka ulikuwa mzuri mno kwa mahindi, na plau ya chuma cha pua iliyoanza kutengenezwa na John Deere mwaka 1837 ilipata njia ya kuukata bila kunasa. Msomaji aliyefuatilia habari za Kitulo nchini Tanzania, ambako viazi vya okidi vilichimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, anaweza kudhani hatari ya okidi hii pia ni wachimbaji. Wapo wanaoiba mimea, na ndiyo sababu maeneo mengi hayatajwi hadharani. Lakini tishio kubwa lilikuwa, na bado ni, kugeuzwa kwa ardhi na kukaushwa kwa maji yake.

Sehemu kubwa ya mimea iliyobaki imejikusanya kaskazini, katika vituo vitatu: Mbuga ya Taifa ya Nyasi ya Sheyenne huko North Dakota, yenye ekari 70,000 hivi; hifadhi ya Pembina Trail kaskazini-magharibi mwa Minnesota; na eneo la Vita, Manitoba, nchini Kanada, nchi ambayo okidi hii haikujulikana kuwapo mpaka mwaka 1984. Vituo hivyo vitatu vinahusiana na ziwa ambalo halipo tena. Barafu za kale zilipoyeyuka ziliacha ziwa kubwa liitwalo Agassiz, na lilipokauka likabakiza mchanga wa delta, matuta ya fukwe na vibonde vinavyoshika maji karibu na uso wa ardhi. Okidi hukaa humo vibondeni, si juu ya tuta wala ndani ya dimbwi. Hupenda unyevu wa katikati, jambo linalomaanisha kwamba mtaro unaochimbwa shamba la jirani unaweza kuiua bila jembe kugusa hifadhi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na desturi ya miaka mingi. Kila kiangazi wahifadhi hupita katika hifadhi hizi wakihesabu mashina yaliyochanua, kisha idadi hutangazwa: mwaka huu okidi zimeongezeka, mwaka huu zimepungua. Nawaheshimu wanaofanya kazi hiyo kwenye jua na mbu. Lakini idadi ya maua ni kipimo kibovu cha uhai wa okidi hii.

Sababu iko chini ya ardhi. Kila mwaka kiazi kilichoutoa mmea hunyauka na kingine huumbwa kando yake kikiwa na chipukizi la mwaka ujao. Chipukizi hilo likiwa dogo, mmea utatoa jani moja au mawili yanayopotea kabisa ndani ya nyasi, nao hautahesabiwa. Kwa hiyo unyevu wa mwaka jana una mkono wake katika maua ya mwaka huu. Baada ya ukame kama ule mkali wa mwaka 1988, mashina yenye maua hupungua ghafla. Zikija mvua, huzuka kwa maelfu. Anayeangalia namba hizo peke yake anapima mvua, akidhani anapima okidi. Zamani wengi walijifariji kwamba mimea isiyoonekana imelala tu na itaamka. Ufuatiliaji wa mmea mmoja mmoja uliofanywa Sheyenne na Carolyn Hull Sieg na wenzake ulionyesha jambo la kuogopesha zaidi: nyingi zilizotoweka hazikurudi. Okidi hii haiishi miaka mingi kama ilivyodhaniwa. Inategemea kuzaa.

Na kama inategemea kuzaa, cha kuhesabu ni vifuko vya mbegu. Hiyo maana yake ni kurudi uwandani mwishoni mwa Agosti na Septemba, maua yakiwa yamekwisha na wapiga picha wameshaondoka, kuangalia ni maua mangapi katika kila shada yaligeuka kuwa tunda. Mahali pengi, hasa Manitoba, jibu limekuwa la kusikitisha: mashada mazuri, vifuko vichache. Uwanda uliojaa maua yasiyozaa ni uwanda unaozeeka, na hesabu ya Julai haitauonyesha mpaka umechelewa.

Kila kifuko kikizaa, hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi. Mbegu hizo hazina akiba ya chakula. Haziwezi kuota mpaka zikutane udongoni na kuvu wa aina inayofaa, anayeingia ndani ya mbegu na kuilisha wakati bado ni kidonge kisicho na jani. Watafiti wamefanikiwa kuziotesha maabara kwa kuvu waliotolewa kwenye mizizi ya okidi zenyewe, na mafanikio hayo ni ya kweli. Lakini hayampi mtu ruhusa ya kusema kwamba tutazalisha miche na kuipanda popote. Udongo uliolimwa mahindi kwa miaka mingi haujulikani kuwa na kuvu hao, na mche uliopandwa pasipo nondo utafia palepale ulipopandwa.

Okidi ya mashariki imeonyesha kinachowezekana. Tangu miaka ya 1990, watu wa kujitolea kaskazini mwa Illinois, wakishirikiana na Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani, huenda uwandani kila mwaka na vijiti vya meno. Hugusa kisahani cha gundi, kifurushi cha chavua hunata kwenye kijiti, nao hukipeleka kwenye ua la mmea mwingine. Baadaye huvuna sehemu ya mbegu na kuzisambaza katika mabaki mengine ya prairi. Ni kazi ya mikono, ya subira, na imeokoa vikundi vya mimea ambavyo vingekuwa vimekwisha. Naiunga mkono bila kusita. Lakini isigeuzwe kuwa mpango wa kudumu, kwa sababu kila ua linalochavushwa na binadamu linatuambia kwamba nondo hakufika.

Kuna suala la ratiba pia. Mashamba ya nyasi za mifugo huko Kansas na kwingineko yaliihifadhi okidi hii pasipo mtu kukusudia: mwenye shamba aliyehitaji nyasi hakuwa na sababu ya kulima. Ila nyasi hizo hukatwa Julai, zikiwa bado na lishe, na wakati huo vifuko ni vibichi. Mmea unabaki, kizazi chake hakipo. Kuahirisha ukataji kwa sehemu ya shamba, kwa zamu, mwaka huu kipande hiki na mwaka ujao kile, kunampunguzia mkulima nyasi bora, na ni haki alipwe fidia. Moto nao una saa yake. Prairi bila moto hugeuka kichaka, na watu wa asili wa nyanda hizo waliichoma kwa ufahamu kabla ya plau kufika. Lakini moto wa mwishoni mwa masika, okidi zikiwa zimeshachomoza, huunguza chipukizi la pekee ambalo mmea unalo kwa mwaka huo.

Limebaki tatizo gumu kuliko yote. Sheyenne imevamiwa na gugu kutoka Ulaya na Asia, Euphorbia esula, jamaa ya mnyaa wetu, lenye utomvu uleule mweupe unaochoma na mizizi inayokwenda chini sana. Linaisonga okidi, na dawa za kuliua zinaweza kuiua okidi pia, hivyo imebidi kutafuta zile zinazoweza kupulizwa mwishoni mwa msimu, majani ya okidi yakiwa yameshanyauka. Njia nyingine ilikuwa kuleta wadudu wanaolila. Mmoja wa walioletwa ni nondo, Hyles euphorbiae, ambaye viwavi wake hula majani ya gugu hilo. Hakulimaliza gugu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulithibitisha kwamba nondo huyu mgeni anachavusha okidi-matamvua ya magharibi. Ulimi wake unafika na macho yake yako mahali panapofaa.

Wapo watakaosema basi gugu liachwe, maana linalisha mchavushaji. Sikubaliani nao. Gugu lililofunika kibonde haliachi okidi ya kuchavushwa. Lakini ugunduzi huo unatulazimisha kuuliza kwa nini nafasi ya mgeni ilikuwa wazi. Nondo wenyeji wanahitaji mimea ya kulisha viwavi wao: Sphinx drupiferarum hutaga kwenye miplamu na micheri ya porini, Eumorpha achemon kwenye mizabibu, Hyles gallii kwenye mimea midogo ya jenasi Galium. Wahifadhi wa prairi, kwa bidii ya kuirudisha sura ya nyasi tupu, hung'oa vichaka vya miplamu na mizabibu kando ya uwanda. Wakulima walio upande wa pili wa uzio hupuliza viuadudu wakati uleule nondo wanaporuka.

Kwa hiyo mpango wowote wa kuulinda mmea huu uanze na ramani mbili juu ya karatasi moja: mahali okidi ilipo, na mahali viwavi wanapopata chakula ndani ya umbali ambao nondo anaweza kuruka usiku mmoja. Vichaka vya miplamu viachwe pembezoni kwa makusudi, viorodheshwe, na visichomwe vyote mwaka mmoja. Wakulima wanaopakana na hifadhi wafuatwe kuhusu saa za kupuliza dawa wiki zile tatu au nne za maua. Na Septemba mtu aende akahesabu vifuko.